Paa Lililotoa Povu

3 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Natumaini hamjambo nyote, na kwamba goti lake limepunguza kelele. Mwambie dada yangu nimefika salama, nimekula, nimelala, na sikusahau kofia kwenye basi kama alivyotabiri. Nilisahau koti.

Binamu yako anakaa ghorofa ya tatu. Ngazi ni arobaini na mbili, na ile ya ishirini imemeguka ukingo. Mumewe yuko safarini kikazi, kwa hiyo tuko wawili tu, na chakula ninachopakuliwa ni cha watu watatu. Nimeshalegeza mkanda tundu moja. Hajambo, anakusalimu, anasema umemsusa siku hizi.

Kuhusu macho hakuna la kusimulia. Daktari anaangalia, anaandika, ananiambia nirudi wiki ijayo. Ni ukaguzi tu, hata gari zima hukaguliwa. Baada ya miezi miwili utaniona mlangoni.

Sasa tuingie kazini. Viti, shona. Mazulia, badilisha. Vitambaa vya milango, fanya unavyojua, mkono wako naujua, niliufundisha mimi. Lakini paa la kitambaa usiguse mpaka nirudi. Sisemi hujui. Nasema kiti kikikosewa mtu anakikalia na siri inabaki kati yake na kiti. Paa likikosewa linazunguka mji mzima likikutangaza. Karakana yetu ndiyo pekee hapo mjini inayoosha mapaa ya kukunja, na watu wanatuletea kwa sababu moja tu, hatujawahi kurudishiwa hata moja. Akija mtu na paa la kitambaa, mwambie fundi amesafiri, asubiri, hata mimi ningesubiri.

Madebe ya chai na maziwa ya mapaa yako chini ya cherehani kubwa. Yafunike vizuri, maziwa yakipigwa na hewa yanaganda, na mwenye kuuza haji mpaka katikati ya mwaka.

Usinipigie simu. Mimi na simu hatupatani, inameza maneno. Niandikie.

Mjomba wako


14 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua imefika, na koti limefika. Mama alikwenda mwenyewe kulichukua kwenye ofisi ya mabasi, akapekua mifuko yote, akakuta pipi na kipande cha chaki. Amekula pipi. Anasema goti halina shida, shida ni ngazi. Nimemkumbusha nyumba yetu haina ngazi, akaniambia nisimjibu.

Kazini hatujambo. Viti vya teksi ile ya kijivu nimemaliza, mwenyewe aliondoka akinesa kama amekalia mto wa nyumbani. Cheche, jirani yetu wa kuchomelea, anauliza kila siku utarudi lini. Nadhani amekosa mtu wa kugombana naye kuhusu kelele.

Mjomba, nina jambo, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Wiki iliyopita aliingia mteja mmoja, mama mtu mzima, na gari la paa la kukunja. Kitambaa cha buluu iliyokoza, kizuri, hakijachoka. Nikamwambia ulivyoniagiza, fundi amesafiri. Akasema hakuja kuoshewa, amekuja kuuliza. Kwa nini mvua ikinyesha paa lake linatoa povu?

Nilidhani ananitania. Nikachukua mpira wa maji nikalinyunyizia kidogo. Lilitoa povu. Povu jeupe kabisa, likapanda, likashuka kwenye kioo cha nyuma taratibu, likaning'inia kwenye sahani ya namba. Anasema juzi alisimama kwenye makutano wakati wa mvua, mwenye duka akatoka na mwavuli kuja kumuuliza amelinunua wapi gari linalojiosha.

Yeye alicheka aliponisimulia. Mimi sikucheka, maana nilipoingiza mkono ndani nikakuta dari imelowa na harufu ya ukungu imeanza. Maji yanapita. Ana safari ndefu ya gari mwishoni mwa mwezi wa sita, kwenda kwa wanawe, mvua tupu njia nzima. Akaniambia kwa upole kwamba hatamsimulia mtu habari hii mpaka wakati huo. Upole ule ndio ulionitisha.

Nataka kulitengeneza. Naomba ruhusa nishike brashi.

Daktari amesema nini wiki hii?

Mpwa wako,
Sindano


22 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani wa ghorofa ya chini akaja mbio kuangalia kama nimeanguka. Gari linatoa povu kwenye makutano. Miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii sijasikia kituko kama hicho, na nimesikia mengi, kuna mtu aliwahi kuniletea paa alilolipiga pasi.

Ugonjwa wake mdogo, aibu yake ndiyo kubwa. Aliyeosha hilo paa hakusuuza. Ametia maziwa juu ya chai. Unajua mwenyewe utaratibu wetu: kwanza chai, yaani sabuni ile ya rangi ya kahawia, halafu maji, maji, maji, halafu likauke, ndipo maziwa yapakwe kuzuia mvua. Huyu bwana kaacha sabuni kwenye nyuzi, kapaka dawa juu yake, kafunga mlango. Sasa dawa haikushika kitambaa, imeshika sabuni. Mvua ikija sabuni inaamka. Chai na maziwa vikutane mezani tu, kwenye paa haviwezi kukaa pamoja.

Hiyo ni kazi ya mtu mwenye haraka au asiyejali. Nipe jina lake. Kama ni yule wa kule stendi anayeosha magari kwa mpira wenye nguvu ya kung'oa misumari, nilijua siku yake itafika. Mtu wa namna hiyo asipewe hata ndala aoshe. Nikirudi nitampitia, nimwambie mbele ya wateja wake.

Ruhusa nakupa, lakini nusu. Ondoa vumbi kwa brashi laini paa likiwa kavu. Liweke kivulini, limefungwa na kukazwa, usilioshe likiwa limelegea. Usitie sabuni tena, aliyoiacha mwenzako inatosha. Maji ya vuguvugu, sponji, bonyeza na achia, ukifuata ulalo wa uzi. Suuza mpaka paa linyamaze. Usitegemee rangi, rangi inadanganya. Ukimaliza usilikunje, likikunjwa na maji litaota ukungu kwenye mikunjo na hapo hakuna mjomba wala mpwa atakayekuokoa. Maziwa usipake mpaka uniandikie na mimi nikujibu.

Povu linatoka paa lote au sehemu? Na jina, usisahau jina.

Daktari hajambo.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuuliza habari za macho unanijibu daktari hajambo. Nafurahi kwa ajili yake.

Mama anasema barua yako ya mwisho umeandika unavyoendesha baiskeli. Mistari ilianza vizuri, ikapanda mlima, na kuna mmoja ulipita juu ya mwenzake. Ilibidi tuisome wawili, yeye akishika taa. Hatujalalamika, tumepata yote, hata ile ndala.

Nimefanya ulivyosema. Vumbi limetoka, ndoo nzima ya mchanga na majani makavu. Mitaro ya maji pembeni mwa paa ilikuwa imeziba, nimeizibua kwa waya uliozungushiwa kitambaa. Nimesuuza mara nne. Umesema linyamaze, nami nimesimama hapo mpaka likaacha kudondosha maji, kimya kabisa, nikaliacha likauke siku mbili. Siku ya tatu nikalinyunyizia. Povu.

Limepungua, lakini lipo. Na si paa lote. Linatoka nyuma upande wa kushoto peke yake, kuanzia kwenye mshono mpaka kona ya kioo, eneo la mikono miwili hivi. Kwingine kote maji yanasimama matone matone na kuteleza. Kwingine kote, mjomba, ni kazi nzuri kuliko yangu. Sioni mtu mwenye haraka hapo. Sioni mtu asiyejali.

Jina sitakupa. Naomba usiniulize tena. Ni mtu niliyekula naye sahani moja, na siwezi kumsikia akisemwa hivyo hata na wewe.

Nieleze tu nakosea wapi kwenye kusuuza.

Mpwa wako,
Sindano


30 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wiki nne bila barua. Nimeuliza posta, wanasema hakuna kilichokwama. Nimempigia binamu, akaniambia upo, unapumzika, kisha akanieleza habari za bomba la jikoni kwa muda mrefu sana. Mimi binamu yangu namjua, mabomba hayajawahi kumshughulisha.

Huku hatujambo. Mama ameanza kutembea mpaka sokoni na kurudi, anajigamba. Gari bado liko kwangu, nimeliweka ndani. Mwenyewe amepita mara mbili, aliligusa tu paa lake na kwenda. Mwezi wa sita unakuja. Nimesuuza tena mara tatu, naangalia maji yanayotoka ni meupe safi, kama ya kunywa, halafu nikilinyunyizia kesho yake povu lile lile, mahali pale pale.

Kama nimekuudhi kwa kukataa kutaja jina, niambie. Nikemee. Kukaa kimya hujanizoesha.

Sindano


19 Mei

Sindano,

Marahaba kwa zote mbili. Hujaniudhi.

Mwandiko huu si wangu, umeshauona. Anaandika binamu yako, nasema mimi. Nimemkataza kupunguza neno na nimemkataza kuongeza. Ameshaanza kulia, nimemwambia alilie pembeni ya karatasi.

Aliponisomea barua yako ya Aprili, alifika pale uliposema nyuma, upande wa kushoto, kutoka kwenye mshono mpaka kona ya kioo. Nikamwambia rudia. Akarudia. Magari kwetu yanaingia kinyumenyume, kwa hiyo kona hiyo ndiyo inayokaa karibu na ukuta, na nyuma ya ukuta ule ndipo Cheche anaposagia vyuma vyake. Na gari la paa la buluu iliyokoza, rangi uliyonitajia tangu Machi nami nikaipita bila kuiwaza, hapo mjini ni moja, la Mwalimu Mkuu mstaafu. Nililiosha Ijumaa, nikasafiri Jumapili.

Kwa hiyo mtu asiyestahili kupewa hata ndala ni mimi. Wiki zote hizi nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia sentensi hiyo, na imetoka fupi tu.

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu. Nilipokuwa nakwambia suuza mpaka paa linyamaze, haukuwa msemo. Povu lililobaki kwenye uzi linapasuka pasuka, dogo dogo, lina sauti. Ukiweka sikio shubiri moja kutoka kwenye kitambaa utalisikia. Likinyamaza ndipo limeisha. Wewe ulikuwa unatazama maji na kufikiri ninaongea kwa mapambo. Mimi sijaliona povu kwa miaka minne. Naosha kwa sikio na kiganja, chai naijua kwa harufu, maziwa kwa unato wake, mshono kwa ncha ya kidole. Sikukosea hata mara moja mpaka Ijumaa ile, Cheche alikuwa anakata geti zima la mtu, nami nilikuwa na haraka ya kufunga mizigo. Nikajiambia nimesikia kimya. Sikuwa nimesikia chochote.

Daktari amesema kilichoondoka hakirudi, watajitahidi kulinda kilichobaki. Naona mwanga. Naona mtu amesimama, simtambui mpaka aseme. Hayo ndiyo macho uliyokuwa unaniuliza.

Karakana ichukue. Sirudi kazini. Fundi wa kukaa kwenye kigoda akisimuliwa kazi yake na watu, mimi siwezi kuwa huyo, na sitaki kuonewa huruma na wateja niliowazoesha kuniheshimu. Ninakuomba jambo moja tu. Mwalimu Mkuu mwambie nilikuwa na haraka ya safari. Macho usiyataje. Haraka watu wanasamehe.

Weka sikio, utasikia.

Mjomba wako


28 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu kwa maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu anadai ulimdanganya miaka minne ukimsifia rangi za vitenge vyake. Baada ya hapo akaja kuniuliza kama unakula vizuri. Anakupenda, na amekasirika, na mimi vilevile.

Nimekasirika kwa sababu nilikuwa najua. Si yote, lakini nilijua. Siku ile ya kwanza gari lilipokuja niliinua kitambaa cha ndani kwenye kona ile nikakuta tundu dogo umelishona. Mjomba, mshono ule sijawahi kuuona mzuri vile, vipande viwili vimeshikana hata ukucha haupiti. Na uzi ulikuwa wa kijani. Kijani cha majani, kwenye paa la buluu. Nikakumbuka umeacha kunituma uzi kwa rangi, siku hizi unaniambia nipe ule wa kushoto. Nikakumbuka vikombe ulivyovunja, funguo na kofia ulizosahau. Nikaamua kunyamaza mpaka useme mwenyewe, na ulipoanza kumtukana yule fundi nikawa nasoma barua yako huku nimeuma kidole.

Sasa kazi. Nilianza kusikiliza siku ile ile barua ilipofika. Sikusikia kitu, ni Cheche tu. Saa saba mchana akazima mashine aende kula. Nikainamisha sikio pale kwenye mshono. Maji yaliyokuwa yanatoka yalikuwa safi, ningeapa kwa macho yangu mawili kwamba paa limekwisha. Lilikuwa linaongea. Chini chini, bila kukoma, na zaidi ndani ya mshono wenyewe pale kitambaa kinapokunjwa mara tatu. Kumbe huko ndiko sabuni ilikuwa imejificha, nami nilikuwa nasuuza juu yake.

Nikaubonyeza mshono kwa vidole kutoka juu kwenda chini, maji ya vuguvugu, tena na tena. Nimekwenda hivyo siku tatu, kila saa ya Cheche ya kula. Siku ya tatu nikaweka sikio nikasikia pumzi zangu tu. Sikuamini, nikamwita mama kutoka nyumbani. Akainama, goti na yote, akasikiliza, akasema hamna mtu humu.

Nimelikausha siku mbili limekazwa. Uzi wa kijani nimeutoa nikaweka wa buluu kwenye matundu yako yale yale, sikuongeza hata moja. Nimefunika vioo na bodi kwa nailoni, nikapaka maziwa mkono wa kwanza, nikasubiri, nikapaka wa pili. Sikungoja ruhusa yako. Jana ilinyesha mvua kubwa, nikalitoa nje makusudi nikasimama kando yake nikilowa. Halikutoa kitu. Ndani pakavu.

Mwalimu Mkuu amelichukua leo asubuhi. Nilimwambia kosa lilikuwa la karakana yetu, na karakana imelirekebisha. Uongo wa haraka sikuusema, na sitausema. Kama kuna la zaidi la kumwambia, ni la kwako.

La mwisho. Umesema unanipa karakana, nimepokea. Umesema hurudi, hilo sijapokea. Usijidanganye kwamba nakuonea huruma, sina muda nayo, nina mapaa mawili wiki ijayo. Mimi nilikuwa na macho mazima na ningelirudisha gari lile likiwa bado na sabuni kwenye mshono. Nimejifunza kusikia mahali pamoja kwa siku tatu, wewe unasikia paa zima kwa nusu saa. Nimeongea na Cheche. Kila siku saa nne mpaka saa tano anazima mashine, amekubali bila kubishana, na unajua lini mara ya mwisho alikubali kitu. Rangi nitaangalia mimi. Ninahitaji fundi wa kusikiliza, na simjui mwingine.

Ukikataa, kataa kwa sababu nyingine. Hiyo ya huruma nimeshaiondoa.

Sindano


9 Juni

Fundi,

Marahaba. Anaandika binamu yako, amenywa maji kwanza.

Mwambie dada yangu vitenge vilikuwa vizuri, nilivijua kwa namna alivyokuwa anatembea akivivaa. Hilo halikuwa uongo.

Barua yako ilisomwa mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika kuhusu uzi, fundi mzima kutembeza kijani kwenye buluu. Mara ya pili nilitaka nisikie tena ile sehemu ya mshono uliokunjwa mara tatu, maana mimi mwenyewe sikuwahi kuwaza sabuni itakaa huko, siku zote nimekuwa nikisikiliza kitambaa cha juu. Umenipita hapo. Nimelala na jambo hilo kichwani, na asubuhi nikagundua nililala vizuri. Mara ya tatu nilimwambia binamu yako asome polepole, kwa starehe tu.

Kisha nikamwambia apige simu kwa niaba yangu, anipe niongee.

Nimezungumza na Mwalimu Mkuu, mimi na simu yenyewe. Nilimwambia, mama, paa lako nililiosha mimi, sikuwa nimesuuza, na sikuwa nimesuuza kwa sababu sioni. Nikamwambia sioni tangu miaka minne, na mara mbili zile za nyuma alizonisifia nilikuwa sioni vilevile. Halafu akasema, "Fundi, nimesahihisha makosa ya watu maisha yangu yote. Wa kuja mwenyewe na daftari lake mkononi ni wachache sana." Akaniuliza kama nitakuwepo akirudi safari, paa litakuwa na vumbi la njia nzima. Nikamwambia aulize karakana, mimi si wa kumpangia.

Daktari ameniruhusu, dawa nitaendelea nazo huko. Koti nitalivaa safari hii, nimeshaambiwa. Binamu yako atanisindikiza mpaka kituoni kwenu na kulala siku mbili, mtayarishieni kitanda, na asiguse vyombo.

Lakini kuna jambo lazima tuelewane kabla sijapanda basi. Ufunguo wa karakana ninao mfukoni, nimeushika sasa hivi. Nitaukabidhi kwa mama yako nikifika, siutumii. Jumanne saa nne, Cheche akizima mashine, nitakuwa nimesimama nje ya mlango. Kwenye mlango ule sijawahi kubisha hodi tangu niutie bawaba. Nitabisha hodi, Sindano, kama mtu yeyote anayekuja kwa fundi kuomba kazi. Ukiitikia nitaingia.

Mjomba wako